Nyayo Nne Kutoka Tairi Hadi Tairi

Nina trekta. Nalisema mwanzoni kwa sababu nimechoka kulificha mwishoni mwa maneno kama mtu anayekiri kosa. Zamani mtu akiniuliza ninafanya nini siku hizi, nilianza na digrii, nikaja kwenye maombi ya kazi niliyotuma, nikataja korona, nikakohoa kidogo (na wakati ule kukohoa kulitosha kumrudisha mtu hatua tatu nyuma), ndipo nikamalizia, "Na pia nina katrekta." Sasa naanza nalo. Na si katrekta, ni trekta.

Ni kweli kwamba ni dogo. Nikisimama kando yake, usukani unanifikia begani. Lina silinda tatu, rangi ya chungwa iliyopauka, na nyuma ya kiti kuna chuma kilichopinda kama fremu ya mlango, cha kumlinda dereva likibiringika. Nilikiwaza chuma hicho kwa miezi miwili kabla sijathubutu kuliwasha. Shamba lenyewe ni tambarare kama meza, lakini mimi niliwaza kubiringika. Ndivyo nilivyo. Nikipewa glasi ya maji, nawaza nani aliiosha.

Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi Kigoma, wazazi wangu wakiwa Warundi, na Kiswahili changu ni cha huko. Tulifika Sydney nikiwa na miaka kumi na mmoja: mimi, Mama, na mjomba wangu, ndugu yake Mama wa pekee aliyebaki. Tukapanga nyumba Toongabbie, dakika saba kwa miguu kutoka stesheni. Mama alipata kazi ya kuwalea wazee majumbani mwao, Mjomba akapata kazi ya ghala upande wa Auburn, na mimi nikapewa kazi ya kusoma. Hiyo ilikuwa kazi ya familia nzima, kwa kweli. Mimi niliyekaa darasani nilikuwa tawi lake tu. Nilisoma mipango ya miji katika chuo kikuu cha Kensington, treni kisha basi, miaka minne, na mwaka niliomaliza ndio mwaka dunia ilipofungwa. Mahafali yangu yalikuwa kwenye skrini. Nilivaa joho sebuleni, nyuma yangu Mama ametundika kitenge ili kufunika ukuta wenye ukungu. Wiki mbili baadaye ofisi iliyokuwa imeniahidi kazi iliniandikia barua pepe ya mistari minne kwamba nafasi hiyo haipo tena kwa sasa. Niliisoma barua ile mpaka nikajua inapumua wapi. Nilikuwa nikitafuta kosa langu ndani yake.

Wakati huo Mama alikuwa akimhudumia mke wa mzee mmoja Mjerumani, pembeni kabisa ya jiji, ambako treni haifiki na nyumba zinaanza kuachana. Walikuja Australia vijana, wakanunua eka chache, wakalima humo maisha yao yote, na majirani wakazoea kupaita shamba la Mjerumani. Ukiingia bandani ulielewa kwa nini. Ukutani kila chombo kilikuwa na kivuli chake kilichopakwa rangi: kivuli cha spana, kivuli cha msumeno, kivuli cha koleo. Chombo kikiwa hakipo, kivuli kilikushitaki. Nilipenda mahali pale mara moja. Hakuna mahali pengine duniani palipokuwa na wasiwasi kama wangu na bado pakapendeza.

Mke wa mzee alifariki mwaka uleule wa kwanza, kwa moyo, si kwa korona, lakini akazikwa kikorona: watu kumi tu. Mzee alimhesabu Mama miongoni mwa wale kumi. Baada ya mazishi akamwambia, "Kipande cha chini kimelala bure. Ukitaka, lima."

Mama hakuulizwa mara mbili. Kanisa lilikuwa limefungwa, kwaya imefungwa, na kina mama saba, Warundi na Wakongo, walikuwa wanakufa kwa upweke kati ya shifti na shifti. Shambani waliruhusiwa kusimama mbalimbali chini ya jua. Wakaja na majembe waliyoagiza, mpini mfupi, si yale ya madukani ya kupalilia maua. Mimi nilikuja kwa sababu Mama alisema nimeanza kunuka chumba.

Wao wakilima, mimi nilikaa bandani nikisoma kitabu cha maelekezo cha trekta. Kilikuwa cha Kijerumani. Nilikipiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, simu ikanitafsiria. Mzee alinikuta humo, akasimama mlangoni na barakoa yake, mkono kiunoni. Tulisema Kiingereza, chake kikiwa bado na mawe ndani yake.

"Unasoma nini?"

"Kitabu cha trekta."

"Kwa nini? Limeharibika?"

"Hapana. Nasoma tu. Kinasema kuna sehemu kumi na nne za kutia grisi. Nimezitafuta, nimeona kumi na tatu."

Akashusha barakoa, nikadhani nimemkosea. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Ya kumi na nne iko chini ya kanyagio la klachi. Ilinichukua miaka miwili kuiona. Mke wangu ndiye aliyeiona." Akajifuta macho. "Njoo kesho, Profesa. Vaa viatu."

Akawa ananiita Profesa tangu siku hiyo. Alinifundisha kutoka mbali, akipaza sauti, kwa sababu ya mita zetu za kukaa mbalimbali. Alisema kwao, katika shamba la baba yake, kulikuwa na trekta dogo kuliko hili, na majirani wenye makubwa walikuwa wakimuuliza baba yake kama usiku huliingiza ndani alale nalo. "Baba aliwajibu kwamba angalau lake linapita mlangoni," akasema.

Somo la kwanza lilikuwa la kusubiri. Unazungusha ufunguo nusu, inawaka taa ndogo ya njano yenye umbo la waya uliojikunja, na hugusi chochote mpaka izime. Ukiharakisha, injini inakohoa na kukataa. Nilikaa juu ya kiti kile nikiitazama taa ile nikahisi kitu kinalegea kifuani. Maisha yangu yote nimeambiwa mbona unachelewa, mbona hujajibu, unawaza nini. Hapa palikuwa na mashine inayonitaka niwaze kwanza.

Kabla ya majira ya kupanda, magoti ya mzee yakamkatalia kupanda kitini. Akachukua karatasi akaandika kwamba trekta pamoja na vifaa vyake ni mali ya binti huyu, akaandika jina langu lote bila kosa hata moja, akatia saini, akaiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma nije niichukue. Nikamuuliza nikishindwa je. "Ukishindwa, uza," akasema. "Lakini usije kunieleza."

Mjomba alilisikia jambo hilo Jumapili, kwetu, sahani ya ugali na lengalenga, mchicha wa kwetu, mkononi. Akaiweka sahani chini.

"Trekta?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Wewe. Mwenye digrii."

"Ndiyo."

"Dada," akamgeukia Mama, "huyu mtoto tulimsomesha nini? Mimi nabeba maboksi mgongo unalia, wewe unawaogesha wazungu, ili yeye akae ofisini kwenye kiti kinachozunguka. Hatukuvuka bahari ili arudi shambani!"

"Kiti cha trekta pia kinazunguka," nikasema. Ni uongo, hakizunguki. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kumjibu Mjomba katika maisha yangu na sikuwa nimejiandaa na ukweli.

Mama akainamia sahani. Nadhani alikuwa anacheka. Mjomba alisema kuna mtu Auburn mwenye yadi ya mashine zilizotumika, angelichukua hata kesho. Nikasema hapana. Usiku mzima niliirudia hapana ile kichwani, kama ilikuwa na heshima ya kutosha, kama ningeisema na shikamoo ndani yake. Asubuhi bado ilikuwa hapana.

Sasa nieleze nilivyoharibu, kwa sababu niliharibu kweli.

Nililima kile kipande chote kwa siku moja na nusu, kazi ambayo kina mama walikuwa wameipangia wiki tatu. Walipiga vigelegele nyuma ya barakoa. Kichwa kikanivimba. Nikasimama juu ya kiti nikawatangazia: "Pandeni maharage, kisha pumzisheni majembe. Palizi ni yangu. Trekta litapita kati ya mistari." Mzee alikuwa na vifaa vya kupalilia vya kufunga nyuma, visu vidogo kama vidole vya kuku. Nilikuwa nimesoma ukurasa wake.

Wakapanda kama walivyofundishwa na mama zao, nao na mama zao. Unasimama kwenye mstari uliopandwa, unaweka mguu mbele ya mguu, kisigino kikigusa kidole, nyayo mbili, hapo ndipo mstari mwingine unapoanza. Hakuna kamba, hakuna futi. Kule kwetu mtu anayepanda kwa kamba anadhaniwa hajui miguu yake. Na walikuwa kina mama saba, kila mmoja na kipande chake, kila mmoja na mguu wake. Kiongozi wa kwaya, mama Mkongo mrefu mwenye sauti ya tarumbeta, anavaa viatu vya kiume. Mama yangu anavaa vya mtoto wa shule.

Mimi, niliyepewa digrii ya kupima ardhi na kuipangia matumizi, sikupima. Nilikuwa nimewaza kubiringika, moto, nyoka, na namna ya kumweleza mzee nikiivunja taa ya mbele. Upana wa tairi na upana wa mstari sikuuwaza hata dakika moja.

Siku ya palizi maharage yalikuwa na majani matatu matatu, yamesimama vizuri. Niliwasha, nikasubiri taa, nikaingia. Mita tano hivi nikasikia kelele nikidhani wananishangilia. Nikageuka. Nyuma ya tairi la kulia palikuwa na mstari mzima wa maharage umelala chini kama nguo iliyopigwa pasi. Upande wa kushoto tairi lilikuwa limepanda juu ya mstari mwingine.

"Ma fille, binti yangu, simama! Simama!" mama wa kwaya alikuwa akipiga makofi hewani. "Unatuulia watoto!"

Nilizima injini. Nikashuka, nikakimbilia bandani, nikakaa nyuma ya pipa la dizeli, na hapo nikakaa mpaka Mama alipokuja kuniambia chakula tayari. Ningependa angenikaripia.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko mistari miwili. Kina mama walikuwa wameniamini. Walikuwa wameshachukua shifti za ziada, kwa kuwa wazee walihitaji watu na wafanyakazi wengi walikuwa karantini, na hakuna aliyebakiza siku ya jembe. Mvua ikanyesha mwaka ule kama imelipwa. Magugu yakawafunika maharage, yakafunika na lengalenga, yakanifikia magotini. Tulivuna ndoo mbili. Tulizigawa kwa bakuli, mbele ya kila mtu, na kila aliyepokea alinishukuru, na kila asante niliibeba nyumbani kama jiwe.

Mjomba alikuja kutazama ndoo hizo. Sitasahau kwamba hakucheka. Alisema kwa upole, na upole ndio ulioniudhi. "Mwanangu, umejaribu. Sasa liuzwe, utume maombi ya kazi. Kila siku ukiwa juu ya kile chuma unajiambia una kazi, na huna."

"Siuzi."

"Umewatia hasara mama zako."

"Najua. Siuzi."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na jibu refu, lenye vipengele, nililokuwa nimeliandika kwenye simu, na likanitoka lote kichwani. "Kwa sababu ni langu," nikasema, "na kosa ni langu, na nikiliuza trekta nitabaki na kosa peke yake."

Mjomba akamtazama Mama. Mama akasema, "Mpe msimu mmoja."

"Msimu mmoja," akasema Mjomba. "Siku ya palizi nitakuja na lori la rafiki yangu. Ukikanyaga maharage ya mama yako tena, nalipakia mwenyewe, na wewe utanishikia kamba."

"Sawa."

"Utashika kamba?"

"Nitashika."

Tulipeana viwiko, kama watu walivyofanya wakati ule badala ya mikono.

Mwaka wa pili, katikati ya baridi, jiji likafungwa tena, na safari hii mitaa yetu ya magharibi ilifungwa kuliko mingine. Watu wa kule baharini walipiga picha wakitembea ufukweni. Kwetu helikopta ilizunguka juu ya paa. Wanajeshi walipita nyumba kwa nyumba pamoja na polisi kuuliza kama wenye kukaa ndani wako ndani. Walikuwa vijana wenye adabu, mmoja aliacha hata karatasi ya namba za msaada wa chakula. Lakini Mama aliona sare kupitia pazia, akaingia chooni, akafunga. Ni mimi niliyefungua mlango. Nilijibu maswali yote, na walipoondoka nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Nikaiweka kwenye trekta. Nilisema moyoni: maharage yatapandwa mwaka huu, hata nikiyapanda peke yangu.

Kutoka mtaani kulihitaji kibali cha kazi. Mama alikuwa nacho, kwa kuwa sasa alimhudumia mzee mwenyewe. Mimi sikuwa na mwajiri. Nilimpigia simu mzee, nikaeleza kwa dakika kumi, nikiomba radhi katikati ya kila sentensi. Akanikatiza. "Unahitaji barua? Sema nahitaji barua." Akaandika: huyu ni dereva wangu wa trekta, bila yeye shamba halilimwi. Hiyo ndiyo barua ya kwanza ya kazi niliyopata baada ya digrii. Niliichapisha nakala mbili. Moja nilikaa nayo garini. Nyingine niliibandika ukutani sebuleni, juu ya picha ya joho, na Mjomba alipoiona kwenye simu ya video aliniuliza kama picha imepinda au macho yake.

Kina mama wengine hawakuwa na ruhusa ya kuja. Tulikuwa wawili tu. Na hapo ndipo nilipoona, nikiwa mezani nakunywa chai, kitu ambacho kilikuwa mbele yangu mwaka mzima: mistari hufuata mguu wa anayepanda, na msimu huu kutakuwa na mguu mmoja tu, wa Mama.

Nilikuwa nimepanga kumwomba Mama apande kwa kamba. Nilishachora mchoro, nimefanya mazoezi ya kumweleza kwa heshima. Nikauchana. Miguu yake ilipanda kabla mimi sijazaliwa, ikalisha watu kambini kwenye vishamba vya kujificha. Miguu haikuwa na kosa. Chuma ndicho kilichokuwa hakijapimwa.

Asubuhi moja Mama alirudi kutoka shifti, akaketi, akavua viatu. Nikapiga magoti na kamba ya katani.

"Unanipimia viatu?" akauliza.

"Napima trekta."

Akanyoosha mguu. "Haya."

Nikasita. "Mama, miguu imevimba. Labda nipime kesho ukiwa umelala. Au nipime leo na kesho, nichukue katikati."

"Hii iliyovimba ndiyo itakayopanda," akasema. "Kesho pia nitakuwa natoka kazini. Pima hii."

Nikapima. Nyayo mbili kutoka mstari hadi mstari, fundo. Nyayo nne, fundo jingine: huo ndio uliopaswa kuwa umbali kutoka tairi hadi tairi, kila moja likikaa katikati ya nafasi yake, mistari miwili ikipita chini ya tumbo la trekta. Nilipofika bandani nikaweka kamba juu ya matairi ya nyuma. Yalizidi karibu unyayo mmoja na nusu. Ndiyo maana tuliua maharage.

Lakini nilikuwa nimekisoma kitabu kile chote, hata kurasa zisizosomwa na mtu. Karibu na mwisho kulikuwa na michoro ya gurudumu la nyuma, sahani yake ya chuma imebonyea upande mmoja kama bakuli. Ukilihamisha gurudumu la kulia kushoto na la kushoto kulia, bakuli linageuka ndani, na trekta linabana miguu yake. Magurudumu ya mbele yalikuwa tayari yamebana.

Kazi hiyo ilinichukua siku nzima. Mzee alitoa kiti barazani, akakaa na kikombe chake na kunipigia kelele kutoka mbali.

"Magogo kwanza! Zuia magurudumu ya mbele! Jeki haina rafiki!"

"Nimezuia!"

"Zuia tena!"

Nilizuia tena. Nati zilikuwa zimeshikana kwa kutu ya miaka mingi. Nilisimama juu ya mpini wa spana kwa uzito wangu wote na sikutosha, nikamwita Mama, tukasimama wote wawili, tumeshikana mabega kama watu wanaopigwa picha, ndipo nati ya kwanza ikalia na kuachia. Mzee akapiga makofi. Jioni niliweka kamba. Mwanzo wa kamba ulianguka katikati ya tairi la kushoto na fundo la nyayo nne katikati ya tairi la kulia. Nikapima mara sita. Mama akaninyang'anya kamba.

Tulipanda kwa Jumamosi mbili. Mama alitangulia, mguu mbele ya mguu, anatupa mbegu, anazifunika kwa unyayo wenyewe. Mimi nilifuata na maboga na mahindi ya pembezoni. Mama wa kwaya alikuwa kwenye simu, imesimamishwa juu ya ndoo, akitazama kutoka nyumbani kwake.

"Mama wa Profesa, huo mstari umepinda, vraiment, kweli kabisa!"

"Umepinda wewe macho. Vaa miwani."

"Mwambie huyo mtoto, safari hii akiua, mazishi ni watu kumi tu, sisi hatuna nafasi!"

Nilicheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Nilikuwa sijamsikia akinitania tangu siku ile ya pipa la dizeli.

Jiji likafunguliwa maharage yakiwa na majani matatu matatu. Siku ya palizi kina mama wote saba walikuja, wakakumbatiana huku wakiulizana kama inaruhusiwa. Na Mjomba akaja kama alivyosema. Lori lilikuwa bapa, lisilo na kuta, na kamba nne mpya zimekunjwa vizuri juu yake. Aliliegesha kinyumenyume, mkia kuelekea shambani.

"Nimeligeuza kabisa," akaniambia, "tusisumbuke baadaye."

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Panda."

Nilipanda. Nikazungusha ufunguo nusu. Taa ya njano. Nilijua wote wananitazama nikiwa sifanyi chochote, na nilisikia Mjomba akiuliza, "Limekataa?" na Mama akijibu, "Subiri." Nikasubiri mpaka ikazima.

Nikaingia. Sitajifanya kwamba sikuogopa. Nilitazama mbele, kisha tairi la kushoto, kisha la kulia, kisha mbele. Maharage yalipita chini ya tumbo la trekta, mistari miwili, majani yakigusa chuma na kuinuka tena. Mstari haukuwa umenyooka, mama wa kwaya alisema kweli, lakini ulipinda polepole kama mtu anavyopinda akitembea, na nikiufuata ilikuwa kama kumfuata Mama mwenyewe nikiwa nyuma yake. Visu vilikuna udongo, magugu yakageuka mizizi juu. Hakuna aliyepiga kelele. Ukimya ule uliniogopesha kuliko kelele za mwaka jana, lakini sikugeuka.

Mwisho wa mstari nikazunguka na kusimama, injini ikiendelea kuunguruma. Mjomba alikuwa nyuma yangu akitembea taratibu katika nyayo za tairi, mikono mgongoni kama mkaguzi wa shule, ameinama. Kina mama wamejipanga pembeni. Theluthi mbili ya njia akasimama. Akachuchumaa. Akainua mche mmoja, umelala, shina limevunjika.

"Huu hapa," akasema. Hakuwa na furaha usoni. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyetumwa. "Nilisema. Nani asiyekumbuka nilivyosema?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na ya kusema: kwamba ni mmoja kati ya mamia, kwamba upepo, kwamba mdudu. Mkono wangu ulikuwa umefika kwenye ufunguo. Nilikuwa nimeahidi kushika kamba, na ningeshika.

Mama akatoka kwenye safu. Akaenda mpaka pale, akaweka buti lake dogo juu ya shimo la ule mche.

"Huo nimeukanyaga mimi," akasema.

Mjomba akatazama chini. Kwenye udongo laini alama za tairi zilikuwa wazi, mishale mikubwa, mmoja baada ya mwingine, na buti la Mama katikati yake.

"Dada. Buti lako lina mishale?"

"Lina."

"Tangu lini?"

"Nilinunua hivyohivyo."

Mama wa kwaya ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kilekile cha tarumbeta, kisha wengine wote, wameshika viuno. Mzee kule barazani, asiyejua Kiswahili hata neno, alisimama na kikombe chake ili aone vizuri. Mjomba aliuzungusha ule mche vidoleni. Niliona anamtazama dada yake namna ambayo sikuwahi kumwona akimtazama, kama mtoto anayejua ameshindwa na ameruhusiwa kushindwa. Akauchomeka mche mfukoni mwa shati, kama kalamu.

"Mistari mingapi bado?" akaniuliza.

"Mingi."

"Basi unangoja nini? Dizeli inaungua."

Nilitoa mkono kwenye ufunguo. Injini haikuwa imezimwa na sikuizima. Niliingiza gia, nikaingia mstari wa tatu na wa nne, na nilipofika mwisho na kugeuka, niliona lori linaondoka tupu getini, kamba nne zikiwa bado zimekunjwa.